Makumbi, katani, pamba na mwani: uzi gani wasokoteka kwa vifaa vya mkono hapa Pwani

Ukiingia Biashara Street kutoka Digo Road, kitu cha kwanza kukupokea ni rangi. Leso zimetundikwa hadi juu ya milango, vikoi vimepangwa matabaka kwa matabaka, na vibarazani mafundi wa cherehani wanakata pea na kupinda mapindo huku wateja wakingoja. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo sote twalijua kwa jina la Mali ya Abdulla, lahesabu umri wake tangu mwaka 1887. Majina ya leso hutungwa hapa hapa Mvita, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Lakini uzi je? Muulize mwenye duka, atakutajia Bara Hindi au Uchina. Mtaa mzima wauza nguo, na uzi wote umekuja kwa meli. Hata bafta ya sanda tunayozikiwa imevuka bahari.

Ndiyo maana vikundi vya akina mama na vijana, kuanzia Kisauni hadi Kwale, siku hizi vyauliza swali lile lile: hatuwezi kusokota wenyewe? Wamesikia habari za uzi wa mwani, uzi wa mgomba, uzi wa mianzi. Wameambiwa mashine ni ndogo na soko ni kubwa. Makala haya yataka kueleza ni mali ghafi gani tunazo, kila moja hutoa uzi wa namna gani, ni vifaa gani vinatosha, na ni wapi pesa ya chama inaweza kuzama. Nitoe msimamo wangu mapema. Kamba nyembamba ya makumbi na ya katani yaweza kumpa mtu riziki leo. Uzi wa pamba wa mkono una soko dogo la pekee, ila hautashindana na leso ya dukani. Na uzi wa mwani ungali wa maonyesho, tena hautoki kwenye mwani ule tunaoulima.

Uzi wa kale na merikani

Asidhani mtu kuwa kusokota ni jambo geni kwetu. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandika kwamba Mogadishu ilifuma nguo zilizosifika na kupelekwa hadi Misri. Kule Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea pamba. Kigae cha chungu kilichovunjika kikageuzwa chombo cha kazi. Sijui kifaa rahisi zaidi ya hicho. Pate ilisifika kwa nguo za hariri ambazo Wareno walizitaka sana.

Kilichotupokonya kazi ni bei. Katika karne ya kumi na tisa, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu na rahisi, na watu wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokatiza pamba ile, viwanda vya Bombay vikaingia kujaza nafasi. Mfumi wa pwani hakushindwa na ubora. Alishindwa na mashine inayosokota mamia ya nyuzi kwa mpigo. Hesabu hiyo haijabadilika hadi leo, na mtu yeyote anayeanza kusokota lazima aikumbuke kabla ya kununua hata msumari.

Kanuni yenyewe

Uzi wowote, uwe wa pamba au wa makumbi, ni nyuzinyuzi fupi zilizopindwa pamoja mpaka zikabanana. Msokoto ndio unaozishika. Ukiachia uzi mmoja uliosokotwa, hujisokotoa wenyewe. Ndiyo sababu nyuzi mbili husokotwa kwanza kuelekea upande mmoja, kisha hupindwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila mmoja ukitaka kufunguka, humkaza mwenzake. Kila mama aliyewahi kusokota matamvua ya kikoi anaijua kanuni hii kwa vidole vyake, hata kama hajawahi kuiambiwa kwa maneno.

Mambo matatu huamua kama kitu chafaa kuwa uzi: urefu wa nyuzinyuzi zake, ulaini wake, na kama zina mkwaruzo wa kushikana. Chukua sufi. Misufi tunayo, na mito yetu imejaa sufi, lakini sufi ni fupi, nyororo mno na hukatika upesi. Ukijaribu kuisokota peke yake itakuteleza vidoleni. Wacha ibaki kwenye mito.

Makumbi, mali tunayoichoma

Huku kwetu mnazi wajulikana kwa nazi, kwa madafu, kwa makuti, na kwa wengine kwa kile kinywaji ambacho si mada yetu. Kumbi hutupwa. Pita Rabai, Kaloleni au Msambweni, utaona marundo yakichomwa. Pita wauzaji madafu wa mjini jioni, utaona makumbi yamejaza mikokoteni yakingoja kutupwa. Na hali usumba, yaani nyuzinyuzi za kumbi, ndio uliobeba ubaharia wa pwani hii. Mtepe ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za mnazi badala ya misumari ya chuma. Vitanda vya kamba vilitandwa kwa hizo hizo.

Nyuzinyuzi za usumba zina urefu wa kama sentimita 10 hadi 30. Ni ngumu kwa sababu zina lignini nyingi, ile gundi ya asili inayofanya mti kuwa mti. Pamba ni karibu selulosi tupu, asilimia 90 hivi. Usumba hauifikii hata nusu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Maana yake ni mbili. Usumba hautakuwa kitambaa cha kuvaa kamwe, hata ukisokotwa na malaika. Na usumba hauozi upesi baharini, jambo ambalo pamba haiwezi.

Umri wa nazi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kumbi la dafu changa lina nyuzinyuzi dhaifu. Kumbi la nazi iliyokauka lina nyuzinyuzi nene, za kahawia, zafaa brashi na magodoro. Bora kwa kusokota ni kumbi la koroma, pale dafu linapoanza kuwa nazi lakini kumbi halijakauka. Hutoa usumba mweupe-mweupe, mwembamba, unaokubali kupindwa.

Kisha ni kufukia. Akina mama wa Paje, Jambiani na Bwejuu kule Unguja wana kazi hii kwa vizazi: huchimba mashimo kwenye mchanga ambao maji hufunika na kuacha wazi, hupanga makumbi, hufunika kwa mchanga na mawe, kisha huyaacha miezi mingi, wengine nusu mwaka na zaidi. Vijidudu vya majini hula ile nyama laini inayoshikilia nyuzinyuzi. Baadaye makumbi hufukuliwa, hupigwa kwa gongo juu ya jiwe au gogo, huoshwa kwa maji ya bahari na kuanikwa. Harufu yake ni kali, nisifiche. Usichimbe karibu na nyumba za watu, na usichimbe kwenye mikoko, maana mizizi ya mikoko ni mazalio ya samaki. Zungumzeni kwanza na wasimamizi wa ufuo, ile kamati ya BMU, kabla ya kutia jembe.

Katika kila kumbi, kama theluthi moja tu ya uzito ndiyo nyuzinyuzi. Zilizobaki ni unga. Usiutupe. Unga wa makumbi huhifadhi maji na hutakiwa na wenye vitalu vya miche, lakini ule uliofukiwa baharini una chumvi, lazima uoshwe kwa maji matamu mara kadhaa, ama utaua miche ya mteja na jina lako pamoja nayo.

Kusokota kwa viganja, kama wafanyavyo wengi Unguja, hakuhitaji kifaa chochote. Ila ni kazi ya polepole na huchubua mikono. Jimbo la Kerala, India, ambako kiwanda cha kwanza cha bidhaa za usumba kilifunguliwa Alappuzha mwaka 1859 na James Darragh, walipata suluhisho la gurudumu: mmoja azungusha, na wasokotaji wawili, kila mmoja na bunda lake la usumba kiunoni, hufunga ncha kwenye ndoana na kurudi kinyumenyume huku wakilisha nyuzinyuzi kidogo kidogo. Wafikapo mwisho wa uwanja, nyuzi mbili huunganishwa na kupindwa kinyume. Fundi wa chuma yeyote wa jua kali aweza kutengeneza kitu hicho kwa gurudumu la baiskeli kuukuu, mkanda wa mpira, puli mbili ndogo zenye ndoana, na fremu ya mbao. Sehemu yenye hila ni puli: ikiwa ndogo sana msokoto huja kwa kasi kuliko mkono unavyolisha, na uzi hukatika. Anzeni na puli kubwa, mpunguze mkizoea.

Nani atanunua? Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, vikapu vimerudi mikononi mwa watu, lakini vingi vimeshonwa au kufungwa kwa nailoni. Wenye vitalu wataka kamba ya kufungia miche inayooza pamoja na mche. Wenye mahoteli wataka vitanda vya kamba na mazulia ya mlangoni. Nasema haya kwa sababu kikundi kikiniambia chataka kusokota, huwa nauliza kwanza: mmeshazungumza na mnunuzi, au mmezungumza na muuza mashine tu?

Katani na mgomba

Katani haihitaji maelezo marefu. Mashamba ya Vipingo na ya Taita yako mbele ya macho yetu. Jani la mkonge hutoa nyuzinyuzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake, kwa hivyo ni kazi ya majani mengi. Kwa mkono, jani hupasuliwa vipande vyembamba na kuvutwa kati ya kisu butu na ubao mpaka nyama yote itoke, kisha huoshwa na kuanikwa. Utomvu wake huwasha, vaeni glavu. Wanawake wa Ukambani wasokotao nyuzi za viondo juu ya paja wamethibitisha kuwa hakuna mashine inayohitajika kupata uzi mwembamba, sawa na imara. Katani ni laini kidogo kuliko usumba na hupokea rangi vizuri.

Mgomba una ladha yake. Baada ya kukata mkungu, shina hubaki likioza shambani. Matabaka yake ya nje hutoa nyuzinyuzi ngumu, ya ndani hutoa zilizo laini. Jirani zetu wa Uganda wameshapiga hatua: kampuni ya TexFad, iliyoanzishwa na Kimani Muturi, hukamua mashina ya migomba na kufuma mazulia kwa mkono, na hata kutengeneza nywele za kusuka. Huko Okinawa, Japani, kuna kitambaa cha kuvaa kinachofumwa kwa uzi wa mgomba kwa karne nyingi, lakini hawasokoti kama pamba. Hufunga unyuzi mmoja kwa mwingine, fundo kwa fundo, na vazi moja huchukua miezi. Ukiambiwa kuwa mgomba hutoa nguo laini kama pamba kwa mashine ya mezani, omba kwanza uione hiyo nguo.

Pamba, na hesabu ya leso

Hapa ndipo moyo wa Biashara Street ulipo, basi tufanye hesabu. Chukua leso yako, upande mmoja, ambao ni kama sentimita 150 kwa 110. Weka rula na uhesabu nyuzi. Tuseme ni 24 kwa kila sentimita, mtande na mshindio. Nyuzi za mtande ni 2,640, kila mmoja mita moja na nusu. Za mshindio ni 3,600, kila mmoja mita 1.1. Jumla ni karibu kilomita 8 za uzi, kwa upande mmoja tu wa leso. Msokotaji mzoefu wa gurudumu la mkono tumpe mita 200 kwa saa. Ni saa 40. Pea nzima, saa 80 za kusokota peke yake, kabla ya kufuma, kabla ya rangi, kabla ya jina. Mlinganishe huyo na bei ya pea ya leso dukani, utaona kwa nini nasema tusijidanganye.

Lakini si lazima ushindane na leso. Uzi wa mkono huwa na vinundu na mapana yasiyolingana, na kuna watu wanaolipia hivyo: mashali, vitambaa vya meza, vikoi vya kazi maalumu. Njia ya busara ni kununua uzi wa kiwandani kwa mtande, ambao lazima uwe imara na sawa, na kutumia uzi wako wa mkono kwa mshindio tu. Kazi ya kusokota yapungua nusu na kitambaa bado chaonekana cha mkono.

Pamba mbichi tunayo karibu. Lamu, hasa upande wa Mpeketoni na Hindi, ni miongoni mwa sehemu zinazolima pamba nchini. Mwezi wa Disemba 2019 baraza la mawaziri liliruhusu kilimo cha pamba ya Bt, iliyobadilishwa jeni ili kumshinda funza wa vitumba. Anayetaka kuuza uzi wake kwa jina la pamba ya kiasili ni lazima ajue mbegu ya mkulima wake, maana wanunuzi wa Ulaya watauliza. Kumbuka pia kuwa pamba ikitoka shambani, theluthi mbili za uzito ni mbegu. Kilo tatu hukupa kama kilo moja ya pamba safi.

Kutoa mbegu bila mashine: weka kitonge juu ya ubao laini, pitisha fimbo ya chuma juu yake kwa kukandamiza, mbegu hutoka mbele kama kidole kinavyosukuma kokwa. Kisha kuchana. Brashi mbili za waya za kuchania manyoya ya mifugo zatosha. Pamba ikishakuwa kama wingu, viringisha kwenye kijiti upate tonge refu lenye tundu katikati.

Kijiti cha kusokotea ni chembamba, kama unene wa penseli, na karibu na ncha ya chini huwa na uzito wa duara, mfano wa pia ya watoto. Kwa pamba, usikiache kining'inie. Uzi wake mfupi utakatika. Ncha yake isimame ndani ya kifuu cha nazi ikizunguka humo, mkono mmoja ukizungusha na mwingine ukivuta. Wanaotaka kasi zaidi watumie gurudumu dogo, lile Wahindi huliita charkha, ambalo Gandhi alilifanya alama ya kupinga nguo za Kiingereza. Maseremala wa Mji wa Kale wanaochonga milango na makasha hawatashindwa na kazi ya aina hiyo. Uzi ukishajaa, uchemshwe kwa maji ya sabuni ili msokoto utulie, na kama utakuwa mtande, upakwe uji mwepesi wa muhogo na ukaushwe ukiwa umenyooshwa, usije ukavunjika kwenye kitanda cha mfumi.

Mwani: hapa msikilize kwa makini

Kila anayesikia uzi wa mwani hukumbuka Kibuyuni na Mkwiro, au mashamba ya Paje ambako kilimo cha mwani kilishika tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwani ule, ambao wakulima huuita spinosamu na kotonii, ni wa jamii ya mwani mwekundu. Ndani yake mna ute uitwao karajinani, unaotumiwa kugandisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Karajinani hugeuka maji ya moto yakiigusa. Si mali ya uzi.

Uzi unaosikika duniani hutoka kwenye mwani wa kahawia, ambao una ute mwingine, aljineti, uliogunduliwa na Edward Stanford wa Uingereza na kupewa hataza mwaka 1881. Kampuni ya Keel Labs ya Marekani, iliyoanza kwa jina la AlgiKnit, ndiyo iliyovuma kwa kutengeneza uzi huo kwa mashine za viwandani. Pwani yetu ina mwani wa kahawia, sagasamu na tabinaria, ile inayoshika miamba na kutupwa ufuoni na mawimbi. Lakini haulimwi hapa, na ukiung'oa kwenye mwamba unabomoa nyumba ya samaki. Kama ni majaribio, okota ule uliotupwa tu.

Majaribio yenyewe ni mazuri kwa darasa. Gramu 20 za unga wa sodiamu aljineti huchanganywa kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu pamoja na gliserini kidogo, hupigwa mpaka mabonge yaishe, kisha huachwa usiku kucha ili mapovu yatoke. Kwenye beseni, gramu 100 za kalsiamu kloraidi huyeyushwa kwa lita moja ya maji. Maji hupata joto yenyewe, kwa hivyo ni glavu na subira. Ule ute huvutwa kwa sirinji kubwa ya duka la dawa, bila sindano, na kusukumwa polepole chini ya uso wa maji ya beseni. Hapo hapo hugandamana ukawa uzi. Sababu ni kuwa kalsiamu huingia mahali pa sodiamu na kuifunga minyororo ya ute pamoja. Baada ya dakika chache huoshwa, huzungushiwa kwenye chupa na kukaushwa kivulini ukiwa umekazwa. Utasinyaa sana, maana ulikuwa maji karibu wote.

Tatizo lake ndilo lile lile lililowashangaza Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipokuwa wakiufanyia utafiti: uzi huu huyeyuka kwa maji ya sabuni. Sodiamu ya sabuni huirudisha kazi nyuma. Magadi nayo hivyo hivyo. Mwani wa kahawia ukiuchemsha kwa magadi ya jikoni hugeuka ute, na ndiyo njia ya kuutoa. Sasa fikiria mteja wa Biashara Street amenunua kikoi cha uzi wa mwani, amekivaa Ijumaa, Jumamosi amekifua kwa sabuni. Wazungu walilifanyia akili tatizo hilo: wakatumia uzi wa aljineti kama uzi wa muda tu, unaoyeyushwa baada ya kushona, na mahospitalini hutumika kufungia vidonda. Kwa kikundi cha Kwale au Likoni, unga wenyewe huja kwa meli, hununuliwa kwa gramu, na kitu kinachotoka hakifuliki. Vipuli, mapambo ya ukutani, ndiyo. Nguo, bado.

Wakulima wa mwani wa Kibuyuni wanaotengeneza sabuni kutokana na mavuno yao wamechagua njia yenye akili zaidi, kwa maoni yangu, kuliko kukimbizana na uzi.

Kupima kabla ya kununua

Kwa kuwa wengi wetu tutaendelea kununua uzi na kitambaa, ni vizuri kujua kupima. Mianzi inayoandikwa kwenye lebo kwa kawaida ni viskosi: mti uliyeyushwa kwa kemikali kali kisha ukatolewa kama uzi. Si uongo kwamba asili yake ni mmea, lakini kuuita wa kiasili ni kuzungusha maneno. Leso na vikoi vya poliesta navyo viko sokoni, vingine vikiuzwa kwa jina la pamba, na mtu akifanya hivyo kwa kujua, ni ghushi.

Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, zishike kwa koleo ndogo, uzitie moto wa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu jepesi la kijivu linalopeperuka. Viskosi hufanana nayo sana, kwa hivyo ilowanishe na uivute: viskosi hulegea ikiloa na hukatika kwa wepesi, pamba huongezeka nguvu. Poliesta hujikunja mbali na moto, huyeyuka, na hubaki shanga ngumu nyeusi isiyovunjika kwa kucha. Mchanganyiko wa pamba na poliesta huwaka kama pamba lakini huacha vijishanga ndani ya jivu. Si lazima uharibu nguo ya mtu. Mafundi wa vibarazani huwa na vipande vya nyuzi walivyopunguza kwenye mapindo, vimeanguka chini ya cherehani, na ukiwaomba kabla ya kulipia pea yako hawatakunyima.